Tohara na Marhamu ya Steroidi katika Tiba ya Laikeni Sklerosasi ya Wanaume: Uzani wa Ushahidi kwa Miongozo ya Afya ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Laikeni sklerosasi ni ugonjwa sugu wa ngozi ambao kwa wanaume hushambulia govi, kichwa cha uume na mrija wa mkojo. Tiba zake kuu ni mbili: marhamu ya steroidi kali na tohara. Makala haya yanazipima tiba hizo kwa kuzingatia hatua ya ugonjwa, mahali ulipofika na uwezekano wa mgonjwa kufuatiliwa. Hoja inayojengwa ni kwamba katika Afrika Mashariki kila tiba humfikia mgonjwa ikiwa imebeba sifa iliyotokana na matumizi mengine: tohara kama kinga dhidi ya VVU, na marhamu kali kama dawa ya kujichubua. Sifa hizo hazisaidii kuamua mgonjwa yupi apewe nini. Yanayosaidia ni utambuzi wa mapema, matumizi sahihi ya marhamu na uchunguzi wa kimaabara wa govi lililokatwa.

Istilahi za msingi: laikeni sklerosasi, tohara, steroidi za kupaka, govi, saratani ya uume

1.0 Utangulizi

Mwanaume wa makamo anayeona doa jeupe kwenye govi, akawashwa, kisha govi likaanza kupasuka wakati wa tendo la ndoa, si rahisi apate jina la ugonjwa wake siku ya kwanza anapofika kituo cha afya. Dalili zake zinafanana na za fangasi. Akihudumiwa kwa mwongozo wa dalili za magonjwa ya zinaa, huenda akapewa vidonge, na mkewe naye akaitwa atibiwe kwa ugonjwa asio nao. Atakaporudi mara ya tatu, govi likiwa limebana kiasi cha kutorudi nyuma, ushauri ulio karibu zaidi na mkono wa mhudumu ni tohara. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi kabisa. Lakini umetolewa bila mtu yeyote kuutaja ugonjwa, na kwa hiyo hakuna atakayeuliza iwapo dawa ya kupaka ingetosha miezi sita nyuma, wala kumwambia mgonjwa kwamba baada ya kidonda kupona bado atahitaji kuangaliwa.

Makala haya yanahusu uamuzi huo. Tohara inayozungumziwa humu ni ya tiba, yaani inayofanywa kwa sababu ngozi ya govi ni mgonjwa. Inatofautishwa na tohara ya jando, ya dini na ya kinga, ingawa kisu ni kilekile na mara nyingi mhudumu ni yuleyule.

2.0 Ugonjwa na majina yake

Daktari Mfaransa Hallopeau aliueleza ugonjwa huu mwaka 1887. Mwaka 1928 Mjerumani Stühmer alieleza sura yake ya kiume kwa jina la Kilatini lenye maana ya uvimbe mkavu wa kichwa cha uume unaoziba. Kwa miongo mingi wapasuaji wa mfumo wa mkojo walishika jina la Stühmer huku madaktari wa ngozi wakishika lao, na baadhi ya vitabu viliendelea kuyaeleza kama magonjwa mawili. Mgawanyiko huo wa majina ulizaa mgawanyiko wa tiba: aliyeangukia kwa mpasuaji alikatwa, aliyeangukia kwa daktari wa ngozi alipakwa.

Kiswahili hakijawa na jina lililozoeleka la ugonjwa huu, na pengo hilo lina madhara ya kitabibu. Neno lililo karibu zaidi mdomoni mwa mgonjwa ni mbalanga, kwa kuwa anachokiona ni weupe. Mbalanga hupoteza rangi tu. Ngozi hubaki laini, haiwashi, haibani na haiachi kovu. Katika laikeni sklerosasi ngozi hubadilika yenyewe: huwa nyembamba kama karatasi ya sigara, au ngumu na yenye kung'aa, hupasuka kwa urahisi na hatimaye hujikunja. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa magonjwa yote mawili huonekana wazi, hivyo kidole kinachogusa kina kazi kubwa kuliko jicho linalotazama. Magonjwa mengine ya kutenganisha ni fangasi, hasa kwa mwenye kisukari ambacho hakijajulikana, pamoja na hatua za awali za saratani. Kipimo cha sukari ni rahisi na hakistahili kusahauliwa.

Kinachotokea chini ya ngozi ndicho kinachoamua nguvu ya kila tiba. Kwanza huja mwasho wa ndani: chembe za kinga hujikusanya chini ya tabaka la juu la ngozi. Baadaye nyuzi za kolajeni huyeyukiana na kuwa ukanda mgumu usio na mnyumbuko. Hatua ya kwanza inaweza kuzimwa kwa dawa. Hatua ya pili ni kovu, na hakuna krimu inayorudisha kovu kuwa ngozi.

Kuhusu chanzo, wapo wanaosisitiza kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Kwa wanaume, hata hivyo, maelezo yenye uzito zaidi ni ya mkojo unaonaswa. Matone yanayobaki baada ya kukojoa hukaa kati ya govi na kichwa cha uume, na kwa mwenye mwelekeo wa ugonjwa ngozi huathirika. Maelezo haya yanaafikiana na mambo matatu yanayoonekana kliniki: ugonjwa ni nadra kwa waliotahiriwa utotoni, hauzunguki sehemu ya haja kubwa kwa wanaume kama ufanyavyo kwa wanawake, na huonekana kwa wanene ambao uume umefunikwa na mafuta ya tumbo, hata kama wametahiriwa. Kwa hesabu hiyo, mzigo wake katika ukanda huu hautarajiwi kuwa sawa kila mahali. Mwambao, ambako watoto hutahiriwa mapema, una govi chache za watu wazima. Rwanda, Burundi, sehemu kubwa ya Nyanza ya Kenya na sehemu kubwa ya Uganda nje ya jamii kama Wagisu, Wakonzo na Wasebei, ni maeneo ambayo kwa mila wanaume walizeeka na govi zao.

3.0 Uwezo na mipaka ya marhamu

Dawa inayopendekezwa kwanza ni marhamu ya klobetasoli yenye nguvu ya asilimia 0.05. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Uingereza wa mwaka 2018 unaelekeza mwanaume aipake mara moja kwa siku kwa muda wa mwezi mmoja hadi mitatu, aache sabuni na kutumia mafuta ya kulainisha badala yake, na ajipake kizuizi kama mafuta ya mgando ili mkojo usiguse ngozi. Govi lililobana lisipolegea baada ya muda huo, mgonjwa apelekwe kwa mpasuaji.

Maneno "mara moja kwa siku" yanaonekana mepesi, lakini tiba nyingi huharibikia hapo. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo: nusu ya kile kinachokaa juu ya pingili ya mwisho ya kidole cha shahada, takriban robo gramu. Kwa siku 90 ni gramu 22 na nusu, maana yake tyubu moja ya gramu 30 inatosha kozi nzima na ziada ikabaki. Mgonjwa anayemaliza tyubu kwa wiki mbili anajidhuru. Ambaye tyubu yake bado imejaa baada ya miezi miwili hajatibiwa, na haifai kuandikwa kwenye jalada lake kwamba dawa imeshindwa. Tofauti hii ni ya muhimu kwa mtafiti kama ilivyo kwa mhudumu, kwa sababu govi nyingi zinazohesabiwa kuwa zilikataa dawa huenda hazikuipata. Aidha, pale govi lisiporudi nyuma kabisa, marhamu haiwezi kufika kwenye ngozi iliyo ndani bila maelekezo ya namna ya kuiingiza.

Matokeo yakoje? Kliniki ya ngozi ya sehemu za siri jijini London ilichapisha mwaka 2012 taarifa za wanaume 329. Kati ya asilimia 50 na 60 walipona kwa steroidi kali peke yake. Kwa wavulana, jaribio la Hungaria lililochapishwa mwaka 2001 liligawa watoto kwa nasibu kati ya mometasoni na dawa bandia. Waliofaidika na dawa ni wale ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga, na waliokwisha kuwa na makovu hawakubadilika sana. Haya ndiyo yanayotarajiwa kutokana na maelezo ya kolajeni yaliyotangulia.

Hatari za marhamu zipo lakini hudhibitika: ngozi kuwa nyembamba ikitumiwa kupita kiasi, malengelenge ya hepesi kuamka, masundosundo kuenea, na fangasi kuongezeka. Kwa wagonjwa wengi hatari hizo ni ndogo kuliko ya kuuacha mwasho uendelee.

4.0 Tohara kama tiba

Tohara hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huondoa ngozi iliyougua, na huondoa mfuko unaohifadhi mkojo. Jambo la pili ndilo linaloeleza kwa nini madoa ya kichwa cha uume, ambayo hayakukatwa, mara nyingi hufifia yenyewe baada ya miezi kadhaa.

Taarifa inayonukuliwa zaidi upande huu ni ya wapasuaji wa Uingereza, Depasquale, Park na Bracka, ya mwaka 2000. Kati ya wagonjwa 522, walikuwapo 287 ambao ugonjwa ulikuwa haujavuka govi na kichwa cha uume. Tohara ilitosha kwa 276 kati yao, yaani asilimia 96. Wale ambao ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mrija wa mkojo walihitaji upasuaji mzito zaidi. Kwa hao, kosa la kuepuka ni kurekebisha mrija kwa ngozi ya sehemu za siri, kwa kuwa ngozi hiyo huugua tena. Utando wa ndani ya shavu ndio unaotumika.

Zipo kanuni tatu ambazo mhudumu aliyezoea tohara ya kinga hana budi kuzingatia. Govi likatwe lote, kwa kuwa kubakiza kipande kwa ajili ya sura ni kubakiza ugonjwa. Vifaa vya kubana govi bila kushona havifai pale govi limegandana na kichwa cha uume. Na tundu la mkojo lichunguzwe kabla ya kisu, kwa kumuuliza mgonjwa mkojo unatokaje na ikiwezekana kumtazama akikojoa; aliyetahiriwa vizuri huku tundu likiwa limeanza kuziba atarudi baada ya mwaka akiamini kwamba tohara ndiyo iliyomharibu. Kupaka steroidi kabla na baada ya upasuaji husaidia kuzuia hilo.

Gharama nyingine haiandikwi kwenye fomu. Neno tohara limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya usafi, na kampeni za kinga zimelitumia kwa maana hiyo hiyo. Mwanaume wa miaka hamsini anayeambiwa "nenda katahiriwe" anaweza kusikia kwamba alikuwa mchafu. Mwingine, kutoka jamii isiyotahiri, husikia kwamba anatakiwa kuvuka mpaka wa kabila. Yote mawili humfanya achelewe. Kumweleza kwamba ngozi ni mgonjwa na inaondolewa kama ngozi nyingine yoyote iliyougua huchukua dakika chache tu.

5.0 Kwa nini asilimia 60 na asilimia 96 hazilinganishwi

Msomaji wa haraka angeweka tarakimu hizi mbili kando kwa kando na kuhitimisha kwamba kisu kimeshinda. Hitimisho hilo halina msingi. Takwimu za London na zile za wapasuaji hazikutokana na jaribio lililowagawa wanaume kwa nasibu. Kila kliniki ilihesabu waliofika mlangoni kwake. Kwa daktari wa ngozi hufika wenye doa na muwasho. Kwa mpasuaji hufika ambao govi limeshafunga. Tena, asilimia 96 ni ya kundi lililochujwa, baada ya kuwatoa waliougua mrija. Na "kupona" kuna maana mbili: kwa daktari wa ngozi ni govi kubaki na kurudi nyuma bila maumivu, kwa mpasuaji ni kutohitaji upasuaji mwingine.

Taarifa ya London yenyewe inaonyesha uhusiano halisi wa tiba hizi. Wengi wa walioshindwa na marhamu walitahiriwa, na zaidi ya robo tatu yao wakapona. Kwa maneno mengine, aliyeanza na marhamu hakupoteza nafasi ya tohara, ilimradi aliangaliwa. Aliyeanza na kisu hawezi kurudishiwa govi. Kutolingana huku ndiko kunakoipa marhamu haki ya kutangulia kwa ugonjwa mchanga.

Sharti la "ilimradi aliangaliwa" ni zito. Mvuvi anayehamahama kati ya visiwa vya Ziwa Viktoria, au dereva wa malori ya masafa kati ya Mombasa na Kigali, hawezi kuahidi kurudi baada ya wiki sita. Kwake miezi mitatu ya marhamu bila mtu wa kumtazama inaweza kuwa miezi mitatu ya kovu kukua. Tohara ya mapema katika hali hiyo inatetewa kwa hoja nzuri, hata kama daktari wa London angesubiri. Vivyo hivyo kwa ambaye govi lina kovu gumu siku ya kwanza: kumpa marhamu kwa miezi kadhaa ili kutimiza mwongozo ni kumchelewesha. Kinyume chake, mtoto mwenye kasoro ya tundu la mkojo kufunguka chini ya uume asitahiriwe kabla ya mpasuaji wa watoto kumwona, kwa kuwa govi lake linaweza kuhitajika kurekebishia kasoro hiyo.

6.0 Sifa zilizoazimwa

Majaribio ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yalionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipendekeza tohara ya hiari katika nchi zenye maambukizi makubwa na watu wachache waliotahiriwa. Kati ya 2008 na 2019 takriban wanaume na wavulana milioni 27 walitahiriwa katika nchi 15 za kipaumbele, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda.

Majaribio hayo hayakuchunguza laikeni sklerosasi na hayawezi kunukuliwa kuihusu. Hata hivyo mpango uliotokana nayo umeacha kitu cha thamani: wauguzi na matabibu wanaojua kutahiri kwa ganzi ya sehemu, seti za vifaa, na utaratibu wa kufuatilia kidonda. Mgonjwa wa laikeni sklerosasi yuko pembezoni mwa mpango huo. Walengwa wakuu wamekuwa vijana, ilhali ugonjwa huu kwa watu wazima huonekana zaidi baada ya miaka 30. Na mwenye govi lililobana au kugandana huchujwa kambini na kupewa rufaa. Uchujaji huo ni sahihi kwa usalama. Swali la sera ni anakwenda wapi baada ya hapo, na nani anajua kama alifika.

Upande wa marhamu, klobetasoli ni mojawapo ya viambato vya mkorogo. Mamlaka za dawa katika ukanda huu zimepiga vita vichubuzi, na zina haki. Lakini dawa inayojulikana sokoni kama kichubuzi humtia mgonjwa hofu anapoandikiwa, na muuzaji aliyezoea kuiuza kwa urembo hana maelekezo ya kumpa. Kuna pia hatari ya krimu mchanganyiko, zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki ndani ya tyubu moja, ambazo hupunguza muwasho kwa muda na kuficha ugonjwa usitambuliwe. Kinachohitajika ni klobetasoli kupatikana kwa cheti katika kliniki za ngozi huku ikidhibitiwa madukani; masharti hayo mawili hayapingani. Matabibu wa ngozi wanaofundishwa katika kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko Moshi, ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, ni kada inayofaa kupewa jukumu hilo katika hospitali za wilaya.

7.0 Saratani na govi linalotupwa

Katika wagonjwa 522 wa Depasquale na wenzake, 12 walikuwa na saratani ya uume, yaani asilimia 2.3. Uchunguzi wa Italia wa mwaka 2006 uliwakuta 11 kati ya 130, asilimia 8.4. Zote ni taarifa za hospitali za rufaa, ambako ugonjwa mzito hujikusanya, na hazielezi hali ya jamii nzima; lakini zinatosha kukataza uzembe. Kwa Uganda jambo hili lina historia yake: takwimu za saratani zilizokusanywa Kampala kuanzia miaka ya 1950 zilionyesha saratani ya uume ikiwa miongoni mwa zilizoonekana sana kwa wanaume.

Je, marhamu inazuia saratani? Kwa wanawake upo ushahidi wa Australia wa mwaka 2015: kati ya wagonjwa 507, waliotumia steroidi kwa uaminifu hawakupata saratani hata mmoja, na waliotumia kwa kusuasua walipata kwa asilimia 4.7. Kuuhamishia ushahidi huo kwa wanaume moja kwa moja ni kuuongezea mzigo usio wake. Tohara nayo hupunguza ngozi inayoweza kugeuka saratani, bila kuiondolea hatari ngozi iliyobaki.

Kwa sababu hiyo govi lililokatwa kwa ugonjwa halistahili kuishia kwenye ndoo ya taka kama la tohara ya kinga. Liwekwe kwenye formalini na kupelekwa maabara ya patholojia, hata kama linaonekana la kawaida, kwa kuwa hapo ndipo ugonjwa huthibitishwa na saratani ya awali hugunduliwa. Gharama ya kipimo hicho ikiachwa kwa mgonjwa, ndiyo ya kwanza ataiacha. Bima au bajeti ya hospitali iibebe pamoja na ya upasuaji, katika ankara moja. Jibu likithibitisha laikeni sklerosasi, kadi ya mgonjwa iandikwe jina hilo, na arudi baada ya miezi mitatu, kisha sita. Aelezwe pia dalili ambazo zisisubiri tarehe ya kadi: kidonda kisichopona, uvimbe mgumu, damu bila jeraha, na mkojo unaotoka kwa mstari mwembamba au unaotawanyika.